Eladio Alivyoingia Mbele ya Kamera na Kibuyu Chake

Saa moja asubuhi mjini Paysandú, Nilda Burgueño ana pini mdomoni. Anapunguza gauni la Ximena, mwigizaji mkuu, huku akimkaripia: "Tulia, binti! Nikikudunga utalia kabla kamera haijawashwa."

Nilda ni fundi wa mavazi ya filamu. Kando yake yupo kaka yake, Eladio, chupa ya maji moto kwapani, akiwamiminia wenzake chai chungu ya majani ya yerba. Kibuyu kimoja, mrija mmoja, kila mtu na zamu yake. Kibuyu cha kwanza, kichungu kuliko vyote, amekunywa mwenyewe. Ndiyo desturi ya anayemimina.

Eladio husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Tangu alipolazwa hospitalini mara ya kwanza, majirani humsalimu vizuri tu, ila kibuyu kikizunguka, zamu yake haifiki.

"Hawamtukani," anasema Nilda. "Heri wangemtukana, ningewajibu!"

Hana wa kumwachia nyumbani, kwa hiyo humleta kazini. Mwongozaji, Renée Olaza, alimkubali kwa sharti moja: asikanyage mbele ya kamera.

Filamu yenyewe si ya kawaida. Familia moja, jiko moja, binti mwenye ugonjwa wa akili, na waigizaji hawapewi maneno ya kusema. Wiki iliyopita walipiga tukio ambalo familia imeketi, kibuyu kinazunguka, na binti anapitwa. Ximena, anayeigiza binti huyo, akainamisha kichwa.

Eladio akashindwa kuvumilia. Huyo, mpaka katikati ya jiko!

"Na huyu je? Mbona mnampita? Shika, mwanangu, kunywa, bado ya moto."

Nilda anakumbuka: "Nikajua basi, tumefukuzwa, na kaka yangu anarudi kukaa peke yake."

Lakini Renée hakusimamisha kamera. Ximena akanywa, machozi yakimtiririka. Yule aliyeigiza baba akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi."

"Ngoja zamu yako, bwana!" Eladio akamfokea. "Sasa ndiyo una kiu?"

Tukio hilo limebaki kwenye filamu. Nilda alipokwenda kuomba radhi, Renée alimkumbatia: "Radhi ya nini, dada Nilda? Mimi ndiye wa kushukuru." Sharti likafutwa siku hiyo hiyo.

"Nawashukuru hawa watu mpaka maneno yananiishia," anasema Nilda. "Wanapokea kibuyu mkononi mwake, na hakuna hata mmoja anayefuta mrija."

Filamu itaonyeshwa kwanza kwenye klabu ya mtaani kwao. Nilda amepanga kugonga kila mlango, awaalike majirani wote, hata wale aliokwisha kugombana nao.

Na Eladio atakaa wapi?

"Mbele, katikati," anajibu mwenyewe, akikung'uta majani yaliyochuja. "Viti vya kushoto na kulia mniachie wazi. Nataka nimwone atakayekuja kukaa."