Magurudumu ya Mzungu na Msiba wa Watu

Tulipita msiba tukiwa juu ya baiskeli. Naliandika hili kwanza, ili anayetaka kuacha kusoma aachie hapa. Kwetu, ukikutana na watu wamebeba jeneza unashuka, unavua kofia, unasogea kwenye migomba mpaka wapite. Hata mlevi anashuka. Sisi hatukushuka. Tulitokea kwenye mteremko kama jiwe lililong'oka, mimi kwenye usukani, kaka yangu mgonjwa nyuma kwenye keria, nimemfunga mgongoni kwangu kwa kanga ya mke wangu. Waombolezaji wakagawanyika, wengine wakarukia kwenye mibuni. Waliobeba jeneza wakayumba.

"Shuka, mbwa wewe!" mmoja akapiga kelele.

Ningeshukaje? Breki hatukuwa nazo. Na kaka, ambaye asubuhi ile hata uji ulimshinda, akanyanyua kofia yake akawaambia kwa sauti ya mtu mzima na akili zake: "Poleni jamani! Poleni sana kwa msiba!"

Tulikuja kusimama bondeni, katikati ya magimbi ya mtu.

Sasa nieleze nani walitufikisha pale, maana mpaka leo wanasema ni mimi.

Baiskeli ilikuwa ya kaka. Alirudi nayo kutoka vitani Uganda na hakuna aliyemuuliza ilikuwa ya nani. Chuma kitupu, magurudumu makubwa, na breki zile za fito ambazo zinabana rimu kwa ndani. Ilibeba ndizi, ilibeba kahawa, ilibeba hadi bibi harusi. Kaka alipoanza ule ugonjwa ambao tulikuwa hatuutaji, ikambeba yeye. Hospitali ya misheni walikuwa wakimpa dawa ya vidonda vya mdomoni, na bila dawa ile alikuwa hali kitu. Zamani mgonjwa alibebwa na wanaume kwa machela, lakini miaka ile wanaume wa kubeba walikuwa wapi? Nusu wanaugua, nusu wanachimba makaburi. Kwa hiyo baiskeli ikilala, kaka naye analala njaa.

Nayo ilianza kuchoka. Rimu ya nyuma ilipinda, spoku zikawa zinakatika kila tukienda. Kubadilisha au kutengeneza? Hapo ndipo akatokea mkosaji wa kwanza, baba mdogo wetu wa Kanazi, na magurudumu mawili amevingirisha kwenye blanketi kama watoto mapacha.

"Haya ni ya baiskeli ya milimani," akasema. "Mzungu alikuwa anapanda nayo mlima bila kuhema."

Mzungu huyo alipanga nyumba Ijuganyondo. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wamelala na nani. Alipoondoka aliacha baiskeli, watu wakaigawana kama mbuzi wa sikukuu: huyu kiti, huyu mnyororo. Baba mdogo alipata miguu. Na hakutaka chochote kwetu, wema mtupu. Alitaka tu kuondoka na yale magurudumu ya zamani, "nisiwaachie uchafu uani." Baiskeli yake mwenyewe, kila mtu anajua, ilikuwa imening'inia ukutani haina magurudumu.

Jumapili baada ya misa tukakaa kikao ndani, kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, tunatafuna kahawa ya kuchemsha, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati. Waliokaa kuamua habari za baiskeli hakuna hata mmoja aliyejua kuiendesha, ukiondoa mimi, baba mdogo na fundi wa baiskeli.

Shangazi akashika tairi. "Mbona lina meno? Hili litakula njia."

"Shangazi," kaka akasema kutoka kitandani, "mimi nimeshaliwa. Acha na njia iliwe."

Watu wakacheka, kisha wakajutia kucheka.

Nikachukua gurudumu la zamani nikalisimamisha kando ya lile jipya. "Baba mdogo, haya ni madogo. Tazama mwenyewe."

"Wewe uliishia darasa la nne," akanijibu. "Mzungu ana digrii."

"Digrii ameiacha kwenye rimu?" kaka akauliza.

Baba mdogo akamimina rubisi nyingine. Lakini aliyekata shauri ni kaka mwenyewe. Akasema, "Mdogo wangu, ukinisukuma mlima wa hospitali polepole, watu wanatoka majumbani kunihesabu mifupa. Nataka kupanda ule mlima nikiwa nimepakiwa kama mtu." Ningebisha nini? Nikakubali.

Mkosaji wa pili ni fundi. Alifunga magurudumu, akaona breki zimebaki juu zinabana hewa, rimu iko chini huko. Mtu mwenye akili angesema basi. Yeye akazing'oa, na madigadi akang'oa, akanywa, akafuta mdomo.

"Mzee, breki je?" nikamuuliza.

"Breki ni za waoga. Kanyaga tairi kwa hiyo katambuga ya mguuni."

Siwezi kudanganya, kupanda tulipanda. Baiskeli ilikuwa nyepesi, kaka akawa anawasalimia watu kwa majina yao, mmoja mmoja. Kileleni nikafurahi. Mteremko ulipoanza nikakanyaga tairi la mbele kama nilivyofundishwa. Yale meno yakaidaka katambuga yakaitupa kwenye migomba. Nikaweka mguu mtupu. Nao nikautoa haraka. Ndipo nikaona msalaba unakuja.

Kule kwenye magimbi kaka alicheka mpaka akakohoa, nikambeba mgongoni hadi hospitali.

Wazee wa kilima kile chenye msiba walituita. Sikukataa faini ya rubisi na mbuzi. Neno lililoniua lilikuwa la mwisho: kwamba msiba ukitokea kwetu, wao hawatakanyaga. Miaka ile mtu alikuwa haogopi kufa sana. Aliogopa kukosa wa kumzika. Wakauliza, "Nani alikushauri kupanda kitu kisicho na breki?" Nikamgeukia baba mdogo, aliyekuja kunisindikiza. Akatazama ndani ya kikombe chake, akasema, "Kijana huyu hasikii."

Toka siku hiyo kaka hakuniuliza dawa. Aliuliza, "Wale watakuja?" Nikamwambia watakuja. Alikufa, hawakuja. Kaburi tulichimba mimi, fundi na jirani mmoja mzee, na fundi angalau alishika jembe. Baba mdogo alifika jeneza likiwa limeshashuka. Alikuja kwa baiskeli yake, juu ya magurudumu yetu, na alishuka mbali kabisa barabarani, kofia mkononi, kwa heshima kubwa.

Bado yu hai. Siku hizi ndiye anayesimamia maombi kwenye misiba ya watu. Wewe baba mdogo, sikudai mbuzi. Nataka twende wote kilima kile, usimame mbele ya wazee waliobaki, useme ni nani aliyeleta magurudumu yale, na kwa nini siku ile uliniachia mimi lawama. Kaka alikufa akidhani watu wamemchukia. Jibu hilo. Usinijibu mimi, uwajibu wao, kwa mdomo wako, nikisikia.