Siku Vichwa Vitano vya Treni Vilipoitika Namba Moja

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Ujana wake aliumalizia kwenye jumba la simu, akiunganisha maongezi ya watu. Jumba lilipofungwa, akafungua kibanda cha kutengeneza redio, na tangu hapo akawa Bi Waya, basi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, miwani mbili shingoni, na kasoro moja ambayo wateja walishaizoea: akiona kitu kimeharibika vibaya, kicheko kinampanda. Si kwamba alidharau. Kilichoharibika kidogo kilimchosha tu. Kilichoharibika kabisa ndicho kilichompa raha.

Jumamosi hiyo hata chai hajaimaliza, simu ikalia. Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, daktari wa meno aliyestaafu.

"Shemeji, njoo. Njoo sasa hivi! Treni zangu zimepandwa na wazimu."

"Zote?"

"Zote tano! Na saa nne wageni wanafika, wale wote niliofanya nao kazi kliniki. Nimewatambia miaka miwili, shemeji. Miwili!"

Bi Waya alibeba mkoba wake wa vifaa, akaenda anacheka peke yake njia nzima.

Treni zenyewe, ndogo za umeme za kuchezea, zilikaa katika chumba ambamo zamani dada yake alishonea nguo. Sasa cherehani ilikuwa imesukumwa sebuleni, na mahali pake palikuwa na meza pana kama vitanda viwili, imezungushiwa reli nyembamba, stesheni ya mbao, na mlima wa kitambaa cha kijani wenye handaki. Mlima aliushona dada mtu, kwa shingo upande, baada ya kuombwa mwezi mzima.

"Afadhali umekuja," dada alimpokea mlangoni. "Tangu alfajiri anazisemesha kama watoto."

"Haya, nionyeshe ugonjwa," Bi Waya alimwambia shemeji yake.

Daktari alishika rimoti kwa mikono miwili. "Naita namba mbili. Kile kichwa chekundu tu. Tazama."

Akabonyeza. Kile chekundu kikaondoka, na vingine vinne navyo vikaondoka. Viwili vikagongana uso kwa uso pale stesheni, kimoja kikazama handakini, na cha tano, kile kipya cheusi, kikaburuta mabehewa matupu kinyumenyume mpaka mwisho wa reli na kuanguka kwenye mto wa kochi uliotegwa makusudi. Daktari kwa kiherehere akagusa honi. Honi tano zikalia kwa pamoja.

Bi Waya alikaa chini sakafuni, mabega yanamtikisika.

"Shemeji, unaucheka msiba wangu."

"Siucheki, nauheshimu," alisema huku akifuta machozi. "Sasa niambie. Kabla hazijaugua, ulizifanya nini?"

"Mimi? Sikugusa kitu."

"Daktari. Wagonjwa wako wote walikuambia wanapiga mswaki mara mbili kwa siku. Uliwaamini?"

Daktari alitazama dari. Dada mtu akajishika mdomo.

"Nilinunua kile cheusi," alikiri. "Nikataka kukipa namba tano. Nikabonyeza pale pa kubadilisha namba."

"Na vile vingine vinne vilikuwa wapi?"

"Relini."

"Uuuwi!" Bi Waya alipiga makofi kwa furaha. "Shemeji, sikia. Rimoti haiongei na treni moja. Inapeleka ujumbe kwenye reli nzima, na kila kichwa kina dikoda yake tumboni, kidude kidogo kinachosikiliza namba yake tu, zingine kinazipuuza. Sasa wewe umetangaza, 'Kuanzia leo unaitwa namba tano,' na wote watano wakaitika, 'Ndiyo, mzee!'"

"Lakini niliita namba mbili!"

"Uliita?" Alichukua rimoti, akainua miwani moja na kushusha nyingine. Kwenye kioo palisomeka tano. Kwa haraka zake, daktari hakuwa ameibadilisha.

Waliviondoa vyote mezani. Bi Waya akaulizia kipande cha reli cha pembeni chenye nyaya zake mbili, kile cha kubadilishia namba. Kilipatikana kwenye boksi, bado kimefungwa kwenye nailoni. Wakaweka juu yake kichwa kimoja kimoja, kila kimoja kikapewa namba yake. Cha tatu kiligoma mpaka magurudumu yake yakasuguliwa kwa pamba na spiriti, na hapo daktari akafanya kazi kwa ustadi hata akasahau kuogopa. Kile cheusi wakakirekebisha mwelekeo, kiende mbele kikiambiwa mbele.

Saa tatu na nusu wakavirudisha. Namba mbili ikaondoka peke yake, taratibu, kwa madaha. Daktari akaruka juu. Kichwa kikaingia handakini, na taa ya kisanduku cha umeme ikageuka nyekundu. Kila kitu kikazimika.

"Nimekwisha," alisema daktari.

"Bado! Hiyo ni shoti," alisema Bi Waya, na kicheko kilikuwa kinamrudia. Alichomoa nyaya za upande wa mlima. Taa ikawa ya kijani. Akazirudisha; nyekundu. "Iko mlimani. Nipe kile kioo chako cha kuchungulia magego."

Alilala kifudifudi mezani, kioo kimetangulia ndani ya handaki, tochi mdomoni. Kisha miguu yake ikaanza kupigapiga hewani. Alitoka na pini ya kushonea, iliyoning'inia kwenye kitambaa mpaka treni ilipoiangusha ikalala juu ya reli zote mbili.

Daktari alimgeukia mkewe.

"Hiyo si yangu," alisema dada. Akaitazama tena. "Ni yangu."

Wakacheka wote watatu hata hawakusikia hodi. Wageni walikuwa wamefika mapema, wanane, wakiongozwa na muuguzi mkuu wa zamani, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na wakamkuta mwenye nyumba ameegemea ukuta, hoi, hawezi hata kusalimia.

"Mna nini nyie?" aliuliza muuguzi.

Basi dada mtu, ambaye miaka miwili hakuwahi kuigusa, akachukua rimoti mezani aonyeshe walau ukarimu. Akabonyeza mbili; kile chekundu kikaondoka. Akabonyeza tano, cheusi kikakifuata nyuma, kikizunguka mlima. Wageni wakashangilia. Akaongeza mwendo.

"Mke wangu, polepole kwenye kona," daktari alisema, mkono ameunyoosha. "Nipe sasa."

"Ngoja kwanza."

"Mama, ni zamu yangu."

"Nimesema ngoja," alijibu, hakumtazama, na akapiga honi.