Maradhi ya Bwana Jumatatu

Katika karakana ya vioo alikofanya kazi shemeji yangu kulikuwa na sheria moja ambayo bosi hakuilegeza hata kwa ndugu zake: fundi akiharibu kioo, hakitupi. Anachukua kalamu ya nta nyeupe, anaandika jina lake na tarehe pembeni mwa kioo, kisha anakisimamisha kwenye rafu ndefu karibu na mlango, wateja wakiona na mafundi wenzake wakiona. Ikitokea kazi ndogo, kidirisha cha choo au fremu ya picha, kipande kinatolewa rafuni na kukatwa upya. Vingine vilikaa pale miaka. Naiunga mkono sheria hiyo. Mtu aliyeandika kosa lake kwa mkono wake mwenyewe halisahau upesi.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa mkataji bora kuliko wote pale, ilimradi siku iwe Alhamisi, Ijumaa au Jumamosi. Siku hizo aliweza kuzungusha duara kamili kwenye kioo kinene bila kunyanyua mkono. Jumatatu alikuwa mtu mwingine. Aliingia macho mekundu, pua imeziba, mabega yamelala kama aliyetwishwa gunia na kusahauliwa nalo. Ukimtajia sentimita arobaini na mbili, anaandika ishirini na nne. Ukimuuliza swali, anatafuta neno mpaka unamwonea huruma, halafu anakufokea kwa kumwonea huruma. Wenzake wakambandika jina: Bwana Jumatatu.

"Bwana Jumatatu, umeamkaje?" fundi wa fremu alimpigia kelele kila wiki. "Tukuletee kioo au tukuletee godoro?"

"Nileteeni kimya."

"Hicho hatuna. Kiliisha siku uliyooa!"

Karakana nzima ilicheka. Waliosema hivyo walikuwa wanatania tu, nao walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko sisi tuliojiona wenye busara.

Mkewe alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Alilala shuleni pamoja na wanafunzi wake, akaruhusiwa kutoka Jumamosi saa nane mchana na kurudi Jumapili jioni. Kwa hiyo ndoa yao ya miaka sita ilikuwa ndoa ya usiku mmoja kwa wiki. Nitayasema yanayofuata kwa maneno ya heshima lakini nitayasema, kwa sababu kutosemwa kwake ndiko kulikoleta maafa. Usiku wa Jumamosi walikutana kama mume na mke. Haikupita nusu saa baada ya tendo la ndoa kufikia mwisho wake, mume alianza kutetemeka kwa baridi. Macho yakawaka, koo likakauka, misuli ikauma kama aliyetoka kupakua lori. Kulipokucha, kichwa kilikuwa kimejaa ukungu, na juu ya ukungu huo ilishuka huzuni isiyo na sababu. Angeweza kulia kwa ajili ya kikombe kilichovunjika mpini. Jumatano alasiri yote yaliondoka, akawa mzima, akaanza kumhesabia mkewe saa za kurudi.

Mkewe aliona nini? Aliona mwanamume aliyempokea mkoba wake mlangoni kwa furaha, kisha Jumapili akageukia ukuta asitake hata chai. Na shule zilipofungwa, mkewe akawa nyumbani mwezi mzima, mume aliugua mwezi mzima.

"Wifi akiwa shuleni, mdogo wangu anaimba bafuni," mke wangu aliniambia. "Wifi akirudi, anakuwa kama amefiwa. Sasa hapo unahitaji apigwe picha ya kifua ndiyo ujue?"

Nami nikaona ni wajibu wangu kuingilia. Nilimwita nyumbani kwangu, nikamkalisha. Alinisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, kuna jambo nataka unisaidie kulielewa. Huwa linanianza nikishakuwa na mke wangu, yaani tukishamaliza..."

"Ishia hapo hapo," nikamkatiza. "Mambo ya chumbani yabaki chumbani. Mwanamume mwenye heshima hamleti mkewe sebuleni kwa watu."

Nikampa hotuba juu ya kuamka mapema, kuoga maji ya baridi na kuacha kujihurumia. Aliitikia, "Nimekuelewa, shemeji," akamaliza maji yake, akaenda zake. Usiku ule nililala vizuri, na ndilo jambo linaloniudhi zaidi.

Baadaye nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa magonjwa ya akili. Daktari alikuwa mtu makini. Aliuliza juu ya usingizi, hamu ya kula, machozi, mawazo ya kufa. Hakuuliza juu ya Jumamosi, na shemeji yangu, aliyekwisha kufundishwa adabu na mimi, hakumwambia. Akaandikiwa kwamba ana sonona, akapewa vidonge vya kumeza kila asubuhi.

Vidonge vikafanya kazi! Baada ya miezi miwili Bwana Jumatatu alikata vioo Jumatatu bila kosa. Rafu haikupata kioo kipya chenye jina lake. Tulimpongeza daktari, tukajipongeza na sisi. Hatukujua kwamba vidonge vile vilizima hamu yake yote, na kwamba Jumamosi wale wawili walilala kama kaka na dada. Mkewe peke yake ndiye aliyejua, naye akalihesabu kwa hesabu yake: mume wangu amepona alipoacha kunigusa.

Mke alipotimiza miaka thelathini na sita alimwambia mumewe, "Nataka mtoto. Sitaki kulea watoto wa watu mpaka nizeeke."

Mume akaacha vidonge bila kumwuliza mtu. Ndani ya wiki tatu hamu ilirudi, na maradhi yakarudi nayo, makali kuliko mwanzo. Daktari wa akili alikunja uso. "Umeacha dawa, ugonjwa umerudi. Unataka ushahidi gani mwingine?" Na kweli, kwa aliyetazama kutoka nje, ushahidi ulikuwa huo huo. Mtoto hakupatikana.

Hapo ndipo ilipokuja barua. Mkewe alitakiwa akawe matroni mkuu katika shule mpya, mwendo wa siku mbili kutoka pale, ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kuikubali kulikuwa na maana moja tu, na wote wawili waliijua. Mke aliikunja barua, akaiweka chini ya sahani ya sukari, akamwendea mumewe aliyekuwa amejilaza.

"Sikuulizi mengi. Niambie kitu kimoja tu. Ukiniona naingia mlangoni, unasikia nini moyoni?"

Alimwuliza siku ya Jumapili. Angemwuliza Alhamisi, angejibiwa kwa ufasaha. Mume alitafuta neno ndani ya ule ukungu, akalikosa, akashika lililokuwa karibu.

"Nasikia kuchoka."

"Basi," mke akasema. Akaenda kufunga mkoba wake.

Wiki ile ile shemeji yangu alikwenda kwenye kliniki ya macho na mzio, kwa sababu macho yalikuwa yamevimba hata bosi akamkataza kushika kioo. Daktari wa pale alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alimpima, akaona macho hayana vumbi wala jeraha.

"Haya huanza siku gani?"

"Jumapili, mama."

"Na Jumamosi huwa unafanya nini ambacho siku nyingine hufanyi?"

Shemeji yangu alitazama sakafu. Akasema atafikiri, akaondoka.

Kesho yake alifika karakana kabla ya wenzake, akasimama mbele ya rafu. Alikuta vioo thelathini na kimoja vyenye jina lake, vya miaka sita. Alinakili tarehe zote. Nyumbani palikuwa na kalenda za zamani zilizotundikwa moja juu ya nyingine kwenye msumari mmoja, na mkewe alikuwa na tabia ya kuzungushia duara kila siku aliyolala nyumbani. Akalinganisha. Kila kioo kilikuwa kimeharibika ndani ya siku nne baada ya duara. Na mwaka ule bweni lilipoingiwa na tetekuwanga, matroni akazuiwa kutoka wiki saba, rafu haikuwa na kioo chake hata kimoja cha wiki hizo.

Alimrudia yule mama akiwa na karatasi yake, tarehe za vioo upande mmoja na usiku aliolala na mkewe upande wa pili, akaiweka mezani. Daktari aliisoma mara mbili.

"Huna ugonjwa wa akili, mwanangu," akasema. "Kuna maradhi ya namna hii. Ni adimu sana, madaktari wengi hawajawahi kuyaona, nami mwenyewe nimeyasoma tu. Mwili unaugua baada ya kufika kilele cha tendo. Ile huzuni ni ya kweli, lakini inazaliwa na maradhi, haiyazai. Dawa ya hakika sikuahidi. Tutajaribu, na pengine tutashindwa. Njoo na mkeo."

Walikwenda Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Barua ilikuwa bado haijajibiwa. Mke alikuwa nayo ndani ya mkoba. Daktari akaeleza tena, polepole. Mke alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikikunja na kukunjua ukanda wa mkoba.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Miaka sita nimekuwa sumu ya mtu."

"Si wewe. Ni mwili wake."

"Mbona nisipokuwepo ni mzima?"

Daktari alimgeukia mume. "Hilo ndilo nililotaka kuuliza. Imewahi kukupata mkeo asipokuwepo? Labda kwa ndoto usingizini, au ukiwa peke yako?"

Jibu lilikuwa ndiyo. Ilikuwa ndiyo tangu akiwa na miaka kumi na saba, miaka mingi kabla ya kumfahamu mwanamke yule. Hata ndani ya zile wiki saba za tetekuwanga ilimpata mara moja, na kwa bahati alikuwa likizoni, hakushika kioo. Neno hilo moja lingemtoa mkewe katika lawama yote. Lakini kulisema kulimaanisha kukiri, mbele ya mkewe na mbele ya mwanamke wa rika la mama yake, jambo ambalo tangu utotoni aliambiwa ni uchafu. Aliniambia baadaye kwamba pale kitini aliisikia sauti yangu. Ishia hapo hapo.

"Hapana," akajibu.

Daktari aliiweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Mke alisimama, akamshukuru daktari kwa adabu kabisa. Ile barua aliijibu siku hiyo hiyo.

Alikuja kwangu Alhamisi baada ya mkewe kuondoka, kichwa chake kikiwa safi, akanieleza yote niliyoyaandika hapa. Safari hii sikumkatiza. Alipofika kwenye lile swali la daktari, nilimwuliza kwa nini alisema uongo.

"Shemeji, wewe ungesema?"

Mimi ni mtu wa kusema ukweli. Nimewafukuza watu kazini kwa uongo mdogo kuliko huo. Na najua kwamba kwenye kiti kile ningedanganya vilevile.

"Mpigie simu sasa hivi," nikamwambia. "Mwambie mbele yangu."

Akampigia, akaweka sauti ya nje, akamwambia yuko kwangu. Alijikaza akasema kila kitu, la ndoto, la kuwa peke yake, la miaka kumi na saba, jasho likimtiririka. Upande wa pili watoto walikuwa wakipiga kelele, kisha mlango ukafungwa.

"Ungeyasema mbele ya yule mama," mkewe akasema, "ningekuamini na ningebaki, hata kama tungelala vyumba viwili maisha yetu yote. Aliuliza kwa kinywa chake. Ukasema hapana. Leo nitajuaje kama si huyo shemeji yako aliyekaa nawe akakupangia maneno?"

"Haki ya Mungu, mke wangu..."

"Ule vizuri. Uwe na afya njema." Simu ikakatika. Tangu hapo haikupokelewa tena.

Sasa karibu siku zote ni mzima. Wenzake wanasema Bwana Jumatatu amepona, na fundi wa fremu anawaambia wateja kwamba tiba ilikuwa mke kuhama. Mke wangu nimemweleza ukweli wote, ananisikiliza, kisha ananiuliza, "Sawa, lakini mbona alipoondoka ndiyo kapona?" Hivyo ndivyo itakavyosimuliwa, kwamba mwanamke yule alikuwa mzigo na umetuliwa. Nyumba ina kikombe kimoja kwenye ndoo ya vyombo, na kalenda ya mwaka huu haina duara.

Wiki iliyopita nilipita karakana kuchukua kioo cha kabati. Rafuni kulikuwa na kipande kipya, kikubwa, kimekatwa kwa mshazari. Pembeni, kwa nta nyeupe, jina lake na tarehe. Shemeji yangu alikuwa kainama mezani, macho mekundu, pua imeziba. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi, na mkewe alikuwa na miezi saba hajakanyaga pale. Tulitazamana. Ule ndio ushahidi aliokuwa akiuhitaji, umeandikwa kwa mkono wake, umesimama mbele za watu, na hapakuwa na wa kuonyeshwa.

Bosi alitoka ofisini na futi mkononi, akakipima kipande kile juu na chini.

"Hiki kinatosha dirisha la choo," akasema, akakifuta maandishi kwa kiganja, akampa fundi mwingine akakate.