Mkia wa Herufi J

Mtaani kwetu tulimwita Mama Herufi, ingawa hakuwa na mtoto na hakuwahi kufundisha darasani. Kazi yake ilikuwa kuandika vibao. Ukiona kibao cha bucha, cha saluni, cha duka la dawa, jua ni mkono wake. Hata lile onyo la kukataza watu kukojoa nyuma ya soko aliliandika yeye, na aliliandika vizuri mpaka wenye haja zao wakaona haya kulilowesha.

Ufundi aliurithi kwa mjomba wake, mchora malori. Mjomba alimfundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kuegemeza mkono juu ya fimbo ili usiyumbe, na kuvuta brashi kwa pumzi moja. "Herufi ni kama mtu," alikuwa akisema. "Ikisimama vibaya, watu watadhani imelewa." Za Mama Herufi zilisimama wima miaka kumi na sita.

Kisha maji yakakatika wiki saba. Bomba letu liko kando ya ukuta mrefu wa bohari, na nyuma ya bohari, kwenye nyumba zenye mageti, bustani ziliendelea kumwagiliwa. Asubuhi moja, kweupe, Mama Herufi aliegemeza ngazi kwenye ukuta ule na kuandika kwa rangi nyeusi: MAJI NI HAKI YETU PIA. Hakujificha. Alikuwa akimalizia neno la mwisho askari wawili wa manispaa walipofika. Mmoja, mfupi mwenye pengo, aliivuta ngazi.

Mama Herufi alianguka juu ya mkono wake wa kulia. Alipokuwa bado chini, yule mwenye pengo alikanyaga vidole vyake, akidai hakuviona. Alilala rumande siku mbili bila kutibiwa. Hakimu akaamuru aupake ukuta chokaa yeye mwenyewe, na aliupaka kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umefungwa bendeji, huku sisi tukimtazama na ndoo zetu tupu.

Kidole cha shahada kiliunga vibaya. Tangu hapo, kila brashi iliposhuka kuvuta mkia wa J, kidole kiliishiwa nguvu na mkia ukatetemeka mara tatu kabla ya kukoma. Alilia kwa ajili ya mkia ule kuliko alivyolia rumande. Mwenye bucha alimhama, akisema nyama yake haitetemeki. Wengine walibaki naye, na baada ya miaka tukauzoea.

Mdogo wake ni fundi viatu, na kibanda chake kinatazamana na karakana ya dada yake. Yeye ndiye aliyemwona kwanza kijana aliyejiita Moshi, alipokuja mtaani na kamera shingoni.

"Dada, mtazame viatu," alisema. "Madoa yale ya rangi yamepangwa. Rangi ikidondoka haichagui pa kudondokea."

"Mwache mtoto wa watu," dada yake alijibu. "Labda anapenda kazi."

Moshi alisomea uchoraji ng'ambo. Baba yake ndiye mwenye bohari, lakini hilo hakulisema. Alitembea kwa kudunda kama vijana wa kijiweni, akaongea kama wao, ila maneno yao aliyatumia yakiwa yameshapitwa na wakati kwa miaka miwili. Kwa wiki tatu alipiga picha za vibao vyote. Mama Herufi alimpa kiti, akampa chai, akamshikisha brashi. Siku moja Moshi aliuliza mkia wa J unatetemekaje vile, na Mama Herufi akamweleza kisa chote, ngazi, buti na chokaa. Kijana alitikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akaandika kwenye daftari lake.

Mwaka uliofuata manispaa ilitangaza kwamba ukuta wa bohari utachorwa na kuitwa Sauti ya Mtaa. Jukwaa la vyuma likasimamishwa, rangi zikashushwa kwa gari, na kibali chenye muhuri kikabandikwa mlangoni. Walileta na askari wa kulinda ukuta usiguswe. Alikuwa yule yule mwenye pengo, sasa tumbo limemtangulia.

Siku ya uzinduzi tulikwenda sote. Pazia likaanguka. Herufi zilikuwa ndefu kuliko mtu: JASHO LA JIJI, JUA LA JANA. Maneno ambayo hayamdai mtu chochote. J tano, na kila moja mkia wake ukitetemeka mara tatu, sawasawa, kana kwamba umepimwa kwa rula.

Mwanamke aliyeshika kipaza sauti alisema msanii ameutafuta mstari ule kwa miaka, mstari unaobeba maumivu ya mtaa. Watu waliovaa vizuri wakapiga makofi. Fundi viatu alimgeukia dada yake, akaona ameutazama mkono wake wa kulia kana kwamba umeibwa ukiwa bado mwilini.

Alimwendea Moshi.

"Mambo vipi, mama," kijana alisema akitabasamu.

"Mimi si rika lako. Mkia huo umeutoa wapi?"

"Ni heshima kwako, mama. Ninakuenzi. Nataka dunia ione mtindo wako."

"Si mtindo. Ni mfupa. Nilikwambia ni mfupa, ukaandika."

"Naelewa hasira yako..."

"Huielewi. Jina langu liko wapi kwenye ukuta huu?"

Moshi alitazama pembeni. Alisema sanaa ya mtaani haina mwenyewe, ni ya wote. Jina lake mwenyewe lilikuwa pembeni kulia, chini yake nembo ya manispaa.

Chini ya jukwaa kulikuwa na ndoo ya rangi nyeupe na rola. Mama Herufi alilowesha rola, akapanda ngazi kwa miguu yake ya miaka hamsini na moja, akaifuta J ya kwanza kwa mapigo manne. Alipoanza ya pili, yule askari alimshika kiuno na kumshusha, akaukunja mkono wake mgongoni.

"Mwachieni," Moshi alisema, hata hakupaza sauti. "Yuko nami."

Askari akaachia hapo hapo. Akamnyoosha kola. "Samahani, mama," alisema.

Na watu wakapiga makofi. Simu zikainuliwa. Mwanamke wa kipaza sauti akasema tumebahatika kushuhudia sanaa hai, mtaa ukizungumza na mtaa. Mimi nilikuwa karibu, nikaona uso wa Mama Herufi. Sijawahi kuona mtu akitukanwa kwa makofi namna ile.

Alimsogelea askari. "Nishike," alisema.

"Mama, nenda nyumbani."

"Siku ile nilikwambia jina langu, nikakwambia kazi yangu, nikakuomba utoe mguu. Hukusikia hata moja. Leo huyu kasema maneno matatu tu. Kosa ni lile lile na ukuta ni ule ule. Nishike."

Askari alitazama buti zake. Mama Herufi alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, akangoja. Askari hakumshika. Mwishowe fundi viatu alimfunika dada yake khanga mabegani, wakaondoka.

Kesho yake J ilirudishwa. Moshi alituma barua akiomba wapige picha pamoja mbele ya ukuta. Fundi viatu aliisoma kwa sauti akiwa na misumari mdomoni, na dada yake akamwambia aikate awekee soli. Aliikata.

Kisha Mama Herufi akafanya jambo ambalo hatukulitarajia. Alivaa gauni lake la kanisani, akaenda manispaa kuomba kibali. Aliomba ukuta wa zahanati, mita sita tu, aandike kuhusu maji, maana bado yanakatika. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: maneno hayo yanaweza kuchochea wananchi. Akaomba tena, kwa ukuta wa shule. Akakataliwa. Akaomba tena.

Watu wengine mtaani wanasema amekuwa king'ang'anizi, asamehe mambo yaishe. Mimi sioni kitu cha kusamehewa ambacho kimeshakoma. Wiki iliyopita nilimsindikiza kupeleka ombi la nne. Karani aliipokea karatasi, akaitazama, akamtazama mwenye nayo.

"Mama, hujachoka tu?"

"Nimechoka sana," alisema. "Andika kwamba umeipokea, na uweke tarehe."