Baraza Nje ya Ukuta

Wiki iliyopita, katika ofisi ya mhandisi hapa Ibra, niliketi karibu na bibi mmoja wa rika langu, aliyekuja na mwanawe kutazama ramani ya nyumba yao mpya. Mwana alikwisha kuagiza mlango wa nakshi, mfano wa ule wa nyumba ya babu yake Unguja.

"Na baraza iko wapi?" bibi akauliza.

Mhandisi, kijana aliyelelewa na mama wa Kiunguja, akacheka. "Khalti, barza ni ya wali. Wewe utamhukumu nani?"

Kwa Kiarabu cha huku, barza ni kikao ambapo wali, yaani liwali, husikiliza mashitaka ya raia. Kwetu Unguja baraza ni kikalio cha mawe kilichojengwa ubavuni mwa mlango, na mpita njia huketi hapo akanywa kahawa bila kualikwa.

"Simhukumu mtu, mwanangu. Nataka pa kukaa nione watu."

Mhandisi akaichora uani. Bibi akatikisa kichwa, akaweka kidole nje ya ukuta. "Hapa. Huko ndani nitaamkiana na nani?"

"Mama," mwanawe akasema taratibu, "mtaani petu hapiti mtu. Wote wana magari."

Bibi hakuondoa kidole. Nikashindwa kunyamaza, nikamwambia kuwa nakaa mtaa wa pili na ningali natembea kwa miguu.

"Basi pita, bwana," akasema. "Kahawa haitakosekana."

Nyumba haijachimbwa hata msingi. Mimi nimekwisha kuanza kupita.