Abiria Aliyeshuka Juu ya Mbozi

Haya nitayasema mchana kweupe, mbele ya mtu yeyote, na anayeona naongopa aje Tunduma aniulize. Duka langu halipotei. Ndilo lenye bati jipya kuliko yote upande huu wa mpaka, na nimelijenga bila mjomba wala mzungu wa kunishika mkono. Mimi si mtu wa kutunga. Shule niliiacha mapema, mwalimu wa misheni alipochoka nami au mimi nilipochoka naye, sikumbuki vizuri. Ila kuandika najua, na miguu yangu hii miwili ndiyo ushahidi wangu, maana kuna wakati haikuwa yangu.

Watu husema mambo ya namna hii huja usiku, njiani, penye giza. Mimi yalinikuta jua likiwaka, juu kabisa mawinguni, ndani ya ndege yenye watu tele. Sasa niambie, hapo unakimbilia wapi?

Ilikuwa siku zile kampuni ya kuandikisha watu wa migodini ilipoanza kuturusha. Zamani tulikwenda kusini kwa miguu na malori, mtu anafika amekwisha nusu. Sasa ndege inakuchukua Mbeya, na mkataba ukiisha inakurudisha Mbeya. Mimi nilikwenda mara tatu. Nani mwingine wa kwetu amekwenda mara tatu akarudi na vidole vyake vyote? Kwa hiyo safari ya mwisho ya kurudi nyumbani nilijifanya mkubwa wa ndege. Hakuna aliyenituma, lakini wale vijana walikuwa hawajui adabu ya mle ndani, na ndege si uani kwa baba yako.

Nikawaambia, "Usiteme mate chini. Usiwashe kiko. Goti lako liishie pale goti la mwenzio linapoanzia. Tumbo likikataa, mfuko wa karatasi ule pale."

Bwana mmoja wa Kamsamba, aliyekuwa amekumbatia kofia mpya kama mtoto mchanga, akaniuliza, "Na mfuko ukijaa, mkubwa?"

"Si una kofia," mtu wa nyuma akamjibu.

Tulicheka wote. Nasema haya ili ujue kwamba ilikuwa safari njema, ya watu wanaorudi kwao.

Viti vilikuwa vya turubai, viwiliviwili. Mimi nilichagua cha upande wa njia, kama kawaida yangu, ninyooshe miguu. Cha dirishani kilikuwa na mtu tayari, mwanaume wa makamo, amejikunyata. Sikumwona akipanda. Kilichonishangaza ni viatu vyake. Alivaa viatu vya mpira vya mgodini, na vililowa chapachapa, wakati sisi wote tulikuwa tumevirudisha stoo kabla ya kuondoka, kwa amri. Nikasema moyoni, huyu ni mwizi hodari. Nikampenda.

Tena niamini, sijawahi kukaa na jirani mwenye adabu kama yule. Kwenye ndege mtu hukulalia begani, hukupumulia vitunguu, hukuchoma na kiwiko mpaka mbavu zikaota sugu. Huyu alikaa ameikalia mikono yake miwili, viganja chini ya mapaja, hakugusa kitu. Kiwiko changu kilitawala peke yake.

"Kwenu wapi, ndugu?" nikamuuliza.

"Isansa."

"Isansa ya Mbozi? Basi sisi ni majirani. Mimi wa Tunduma. Jina lako?"

"Yoramu."

"Umekaa sana kusini?"

Aligeukia dirisha, kisha akanirudia. "Tumefika Mbozi?"

"Bado. Hata Zambezi hatujauvuka. Tulia."

Akatulia. Baada ya muda akauliza tena, kwa sauti ileile ya upole, "Tumefika Mbozi, kaka?" Na tena. Sikuchukia. Mtu akirudi kwao baada ya miaka, hata mimi namuelewa.

Ulipofika wakati wa chakula, msimamizi wa safari alipita akigawa mkate na yai. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa Nyasa, mpole lakini mkali wa sheria. Alinipa mimi, akamruka jirani yangu.

"Na huyu je?" nikamwambia.

Akanitazama, akatazama dirisha. "Mgawo ni mmoja kwa mtu, baba. Usiwe na tamaa."

Mimi na tamaa. Nilinyamaza kwa sababu ya heshima tu. Nikaukata mkate wangu katikati, nusu nikamwekea Yoramu mapajani, maana mikono hakuitoa. Akasema, "Asante, kaka," lakini hakula.

Mchana ukasogea, tukaiona Tunduma chini yetu, barabara imejikunja kama uzi uliotupwa. Nikamwonyesha kwa fahari. Haukupita muda vikaja vilima vya Mbozi na mashamba ya kahawa, kijani kibichi. Ndege ikaanza kuinamisha pua kwenda Mbeya. Msimamizi akapaza sauti: mikanda ifungwe, asiyekaa atakaa chini ya ulinzi, hakuna kusimama mpaka injini inyamaze. Sheria hiyo naijua kuliko wote. Nilifunga mkanda, nikaukaza.

Hapo Yoramu akanigusa kwa neno. "Nipishe, kaka. Nimefika."

Nikacheka. "Umefika wapi? Hapa ni hewani, ndugu. Kaa, tutashuka Mbeya, lori litakurudisha mpaka kwenu."

"Nipishe. Kwetu ni hapa."

"Amri ni kukaa. Mimi nimefungwa mkanda, nitakupishaje?"

Hakubishana. Alitoa mikono chini ya mapaja, akasimama, akainua mguu mmoja, akauvusha juu ya magoti yangu, kisha wa pili. Sikusikia uzito. Nilisikia baridi, kama mtu amenipitishia shuka lililotoka mtoni. Akaelekea mkiani mwa ndege.

Wewe uliyelelewa kwetu umeshashtuka. Kwetu mtu haruki miguu ya mtu. Mtoto akikuruka kwa kucheza, unamshika palepale, unamwambia rudi, naye anarudi kwa njia ileile aliyopita, yamekwisha. Asiporudi, anakuwa ameondoka na kitu chako. Nilijua hilo tangu naanza kutambaa. Nikageuza shingo kadiri mkanda ulivyoniruhusu, nikaita, "Yoramu, rudi uniruke tena."

Watu wakaangua kicheko. Yule wa kofia akasema, "Mkubwa wa ndege ameota."

Lakini nyuma hapakuwa na mtu amesimama. Mlango ulikuwa umefungwa. Ungefunguka, tungepeperushwa wote kama makapi.

Ndege ikatua. Wenzangu wakasimama, mimi nikabaki. Si kwa kuringa. Kuanzia mapajani kwenda chini sikuwa na habari. Nilijipiga ngumi gotini, nikasikia mlio tu, maumivu hapana. Kitini kwa jirani nusu ya mkate wangu ilikuwa palepale nilipoiweka, na turubai lilikuwa kavu.

Nikamuuliza msimamizi, "Yule wa dirishani amekwenda wapi?"

"Baba, kiti hicho kilikuwa kitupu tangu tulipoondoka. Nilikuona unaongea na kioo, nikajua ni homa." Naye aliwaita watu wanibebe. Simlaumu.

Basi nikafika nyumbani nimelazwa juu ya mizigo yangu. Tabibu wa misheni alinichoma sindano kwenye nyayo, akatikisa kichwa, akaniambia nisali. Wiki zikapita. Unajua kwetu mwanaume asiye na miguu hupewa kazi gani? Hukalishwa uani afukuze kuku wasile mahindi yaliyoanikwa. Mimi, niliyepasua mwamba chini ya ardhi, nilipewa kijiti. Kuku wakanizoea mpaka wakawa wanapita juu yangu. Na mipango yangu yote, kuvuka mpaka, kununua huku na kuuza kule, ilikuwa ni mipango ya miguu. Bila miguu nilikuwa nimekwisha.

Aliyeniokoa ni dada yangu mkubwa, Nakamba, mwanamke ambaye ulimi wake ungekata kuni. Alikuja akakaa mkekani, akaniuliza kama hakimu.

"Ulikaa na nani?"

Nikamweleza.

"Akakuruka?"

"Akaniruka."

"Akarudi?"

"Angerudije, dada, ndege ilikuwa inateremka, na sheria ya ndege..."

"Sikukuuliza habari za ndege. Amerudi hajarudi?"

"Hajarudi."

"Huyo hana tena miguu ya kurudia. Lakini aliyemzaa ni miguu yake; mama akikuruka kurudi, ni mwana amerudi. Bibi alisema hivyo, nami nilikuwepo. Tunakwenda Isansa."

Lori la mfanyabiashara lilitufikisha Mbozi, na kutoka hapo nikalazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Isansa tulipouliza nyumba ya akina Yoramu aliyekwenda kusini, tulionyeshwa bila shida. Mama yake alikuwa peke yake uani, mfupi, mkavu, anageuza kahawa iliyoanikwa. Tulipiga makofi kumsalimu, naye akapiga, akatuletea maji. Dada yangu akamwambia yote, taratibu, kwa heshima ambayo mimi hajawahi kunipa.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu hajafa. Ni machona."

Machona ni wale waliopotelea kusini, wasioleta salamu wala wasiorudi. Kila ukoo huku unao.

"Machona hurudi," akaendelea. "Wa jirani amerudi juzi, na mke, na baiskeli. Mimi nikimruka huyu kwa miguu ya Yoramu, nitakuwa nimemzika mwanangu kwa mkono wangu. Mnanitaka nimzike kwa sababu ya mtu nisiyemjua?"

Mimi nilikuwa nimelala pale kama gunia, maisha yangu yote yako kwenye magoti ya bibi yule, na bado nilisikia kwamba ana haki. Nikamwambia, "Mama, sikulazimishi. Nimeleta tu nilichokiona."

Akarudi kwenye kahawa yake. Akageuza upande mmoja, akageuza wa pili. Halafu, bila kututazama, akauliza, "Alikula?"

"Nilimpa nusu ya mkate. Alishukuru, hakula."

Kahawa ikakwaruza mkekani.

"Alikaaje?"

Sikuelewa. "Alikaa vizuri, mama. Kwa adabu kuliko wote."

"Nimeuliza alikaaje."

Basi nikajiinua kwa viwiko, nikamwonyesha. Nikachomeka viganja vyangu chini ya mapaja yangu yaliyokufa, nikajikunyata.

Kahawa ikamdondoka mkononi. Alikaa chini palepale. Aliposema alikuwa anamwambia Nakamba, mwanamke kwa mwanamke. "Benchi letu kanisani lilikuwa fupi, na watoto walikuwa wengi. Yeye alikuwa mtundu, anawasukuma wenzake kwa viwiko. Nikamwambia, ikalie mikono yako, wengine nao wapate nafasi. Akazoea hivyo, mpaka amekuwa mwanaume na ndevu zake anakaa hivyo. Nilikuwa namcheka."

Dada yangu akamshika mkono, akamwinua. Yule mama akakunja khanga mpaka magotini. Akaja upande wangu wa kushoto, akanivuka kwenda kulia, upande uliokuwa wa dirisha, mguu mmoja, kisha wa pili, akisema maneno ya Kinyiha ambayo sikuyasikia yote. Nililisikia jina la mwanawe.

Sitakudanganya kwamba niliruka kama ndama. Kwanza vidole vilichoma, kama umekaa karibu mno na moto. Kisha nyayo. Kisha maumivu yakapanda mpaka magotini, nami nikalia kwa furaha ya kuumwa. Hakuna dawa tamu kama maumivu yanayorudi mahali pake. Jua lilipoanza kuinama nilikuwa nimesimama nimeshika ukuta, natetemeka, nacheka peke yangu.

Mama Yoramu alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani. Akaniambia, "Una miguu sasa. Nenda uwaambie watu. Nyumba hadi nyumba, useme Yoramu amefariki, matanga ni kwangu."

Na hiyo ndiyo kazi ya kwanza miguu hii iliyoifanya. Niliegemea fimbo, nikapita mlango hadi mlango katika kijiji nisichokijua, nikipeleka habari ya msiba wa mtu niliyekaa naye kiti kimoja. Kila nyumba waliniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikajibu, "Tulisafiri pamoja." Watu wakaja. Usiku ule walilia kwa sauti kilio cha miaka, na yule mama, Nakamba ananiambia, alilala usingizi mpaka jua likamkuta ndani.

Sasa ni miaka imepita. Nimetembea mpaka Ndola na kurudi, duka limesimama, na kila mavuno ya kahawa nakwenda Isansa kusaidia kuanika. Mama Yoramu yu hai, mnene kidogo, na ananitukana kama mwanawe ninapochanganya kahawa mbivu na mbovu. Vidole vya mguu wa kushoto tu ndivyo hupata ganzi ndege ikipita juu yetu. Navisugua, ndege inapita, basi.

Ninyi mnaojiandikisha leo kwenda kusini, nisikilizeni mimi niliyerudi. Mtakaa bega kwa bega na watu msiowajua walikotoka. Jirani yako akisema amefika, usimuulize amefika wapi. Simama, umpishe, hata kama mkanda umekaza na msimamizi anafoka. Msimamizi atafoka mpaka Mbeya, kisha atakwenda kwake kula. Jirani yako ana mama anageuza kahawa, na huenda njia ya kufika kwake inapita kwenye magoti yako.