Mdogo Wangu Alivyonichekea

Juzi, kwenye kituo cha afya, muuguzi alimchoma binti yangu mjamzito sindano ya kuzuia pepopunda, akaeleza jinsi ugonjwa huo unavyomkakamaza mtoto mchanga kila asikiapo kelele. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Nyakarenzo, chumba kikinuka moshi na maziwa. Mdogo wangu wa siku saba alikuwa amekataa kunyonya. Nilipiga makofi, akajinyoosha, midomo ikavutika pembeni.

"Maman, bebe anacheka!"

"Kweli, anakuchekea wewe," alisema Maman, ambaye hakuwahi kuchomwa sindano ile.

Nikapiga tena na tena, hadi viganja vikawaka moto.

Kesho yake tulimzika. Maman amezeeka sasa, na bado huniambia, "Alikupenda. Alikuchekea wewe tu."

Mimi huitika, "Ndiyo, Maman."